Safari ya Nne ya Lambert

Muulize Lambert alifunga ndoa tarehe ngapi, atatazama dari. Muulize klabu yake ya mpira, Altenbrück, walisawazisha dakika ya ngapi siku ile waliyopanda daraja, atakujibu kabla hujafunga mdomo. Euphrasie, mkewe, alikuwa amelilalamikia jambo hilo miaka kumi, mpaka lalamiko lenyewe likawa utani wa nyumba. Jumapili moja ya Januari, baada ya ibada, utani huo ukapata kazi ya kufanya.

Kazi yenyewe ilikuwa fomu ya uraia. Binti yao Shekinah, mwenye miaka kumi na saba, alikuwa ameifungua kwenye kompyuta juu ya meza ya jikoni, katika nyumba yao ya vyumba viwili iliyo juu ya duka la nywele za bandia huko Thornton Heath, Landani. Euphrasie na Shekinah walikwisha kupata uraia mwaka uliotangulia. Lambert ndiye aliyebaki, kwa sababu ya zamu nyingi hospitalini na, tuseme ukweli, uvivu kidogo. Agosti iliyofuata, walipotoka safari kwa basi wote watatu, mama na binti walipita mstari mmoja mpakani na yeye akapita mwingine na kitabu chake cha safari cha mkimbizi, akijibu maswali aliyokwisha kuyajibu mara nyingi. Aliwakuta wameketi juu ya masanduku wakimsubiri. Hakuna aliyemkusudia ubaya, lakini aibu aliiona.

Fomu ilitaka safari zote za miaka mitano: umetoka tarehe gani, umerudi tarehe gani, nchi gani, kwa sababu gani. Kitabu cha zamani chenye mihuri Lambert alikuwa amekirudisha serikalini alipoomba kipya, na mihuri ikaondoka nacho. Alichojua ni kwamba kila aliposafiri alipanda basi kwenye kituo cha Victoria kwenda kwa mdogo wake Ghislain, Ujerumani, na kila alipokwenda kulikuwa na mechi.

"Mara ya kwanza ulienda lini, Papa Shekinah?" Euphrasie aliuliza, akimenya viazi.

"Siku tulipanda daraja."

"Tulipanda sisi na nani?"

Shekinah alicheka, akatafuta tovuti ya klabu. Ni klabu ambayo hata Wajerumani wengi hawaijui. Ilianzishwa mwaka 1924 na wafanyakazi wa kiwanda cha matofali, na mpaka leo jezi yao ni ya rangi ya udongo uliochomwa. Imeshuka daraja mara nne, ikapanda mara tatu, na hesabu hiyo inakuambia iko wapi sasa. Ghislain alifika mji huo akitafuta hifadhi, akapewa kazi ya kukata majani uwanjani na kuchora ile mistari myeupe. Miaka kumi na miwili baadaye alikuwa bado anaichora, na kaka yake aliyeko Landani alikuwa na wazimu wa klabu hiyo kuliko watoto wa wale wachoma matofali. Ratiba ya kila msimu ilitumwa kwa posta mwezi wa Julai, ikabandikwa jikoni kando ya kalenda ya kanisa.

Basi wakaanza. Siku ya kupanda daraja ilikuwa Mei. Shekinah akaipata tarehe kwenye ukurasa wa historia. Mechi ya sherehe ya miaka mia moja ilikuwa Juni, miaka miwili baadaye. Ya tatu ilikuwa mechi ya kufungua msimu, Agosti iliyopita, ambayo Altenbrück walipigwa manne na Lambert akarudi na mafua. Kwenye nafasi ya sababu Shekinah aliandika kwamba alikwenda kuangalia mpira na kumsalimu ndugu. Euphrasie alisema hajawahi kuona mpira ukifanya kazi ya maana namna hiyo.

Shekinah aliuliza kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kama safari ndizo hizo tu.

"Njo hizo tatu," Lambert alisema.

Zilikuwa nne.

*

Papa Nathanaël, shemasi wa kanisa lao, ndiye aliyewajazia fomu nusu ya Wakongo wa mtaa ule. Hakuwa mwanasheria, lakini alikuwa na miwani na subira. Jioni hiyohiyo alipiga simu kuuliza wamefika wapi, akasema atakuja Jumamosi kuikagua kabla haijatumwa. Kisha akawasimulia, kwa sauti iliyosikika jikoni nzima, habari ya baba mmoja wa Croydon aliyesahau safari moja ya siku mbili. Safari yenyewe haikuwa na ubaya wowote. Lakini mipaka ina kompyuta siku hizi, waliiona, wakamwandikia kwamba mtu anayeficha hana tabia njema, wakamkatalia. Sasa ile barua iko kwenye faili lake, na kila atakapoomba kitu wataisoma kwanza.

Lambert alisikiliza akifuta meza iliyokwisha kufutwa.

Kesho yake, wakati wa chakula cha mchana, alitoka nje ya hospitali anakosukuma vitanda na viti vya wagonjwa, akasimama penye uzio wa maegesho, akampigia Ghislain. Alimweleza habari ya fomu. Ghislain alisema hilo halina mjadala, aandike zote nne.

"Nikiandika ile ya Novemba, atauliza," Lambert alisema.

"Nani atauliza? Serikali?"

"Mama Shekinah."

Ghislain akauliza polepole, akimwita kaka kwa neno la kwao, "Yaya, haujamwambia? Mpaka leo?"

Lambert alisema mapumziko yamekwisha. Yalikuwa yamebaki dakika kumi na mbili.

Jambo ambalo hakuwa amemwambia mkewe lilikuwa hili. Vita vilipofika Kiwanja, mji wa kwao huko Kongo, mama yao, Agathe Kavira, muuza maharage, alikimbia na majirani, na kuanzia siku hiyo hakuonekana. Simu yake haikuita. Ghislain alimtafuta kwa kila njia, redioni, kambini, kwa wanaorudi na wanaokimbia tena. Karibu mwaka mzima ukapita. Kisha, mwezi wa Oktoba, miaka miwili na kitu kabla ya ile fomu, mwanamke mmoja aliyekuwa naye njiani alipata namba ya Ghislain na kumwambia kwamba mama alifia barabarani siku ya tatu, akazikwa palepale na watu waliokuwa wanakimbia, na yeye mwenyewe alisaidia kubeba mawe ya kuweka juu. Ghislain alimpigia Lambert, wakalia kwenye simu. Lambert akasema atamwambia Euphrasie Jumapili.

Jumapili ilifika, lakini Euphrasie wakati ule alikuwa na kazi ya kulala kwa bibi mmoja mgonjwa huko Queensbury, Mhindi mzaliwa wa Kisumu aliyeitwa Seema na aliyependa kuzungumzishwa Kiswahili, na alirudi nyumbani kwa saa chache tu. Katika saa hizo alikwenda kanisani, akasimama, akamwombea Mama Agathe arudi salama. Aliomba hivyo kila wiki, kwa jina, bila kuchoka. Lambert akaona aseme Jumapili inayofuata.

Kule Altenbrück kuna desturi. Mechi ya nyumbani ya mwezi wa Novemba, kabla mpira haujaanza, wanasoma majina ya watu wa klabu waliokufa mwaka ule. Ghislain alikwenda ofisini akaomba jina la mama yake liwemo, nao wakamjibu kwamba mama wa Ghislain ni mama yao pia. Ratiba ilisema mechi ni tarehe kumi na moja. Lambert akaomba ruhusa kazini, akakata tiketi ya basi. Mvua ikanyesha siku nne, uwanja ukajaa maji, mechi ikaahirishwa mpaka tarehe ishirini na tano, na majina yakaahirishwa nayo.

Tarehe ishirini na moja mama yake Euphrasie, Mama Noëlla, akafariki Bukavu.

Hapo ndipo Lambert alipofanya jambo ambalo mpaka leo linamnyima usingizi. Nyumba ya juu ya duka la nywele ilijaa watu. Wanawake waliketi sakafuni, sufuria za watu zikapanda ngazi, na Euphrasie alikuwa katikati akilia kilio cha mtu mwenye maiti inayojulikana, yenye jeneza, yenye siku ya kuzikwa. Lambert alimwonea wivu mkewe kwa sababu ya kilio chake. Ndivyo alivyojisikia, na akajichukia. Kuingiza msiba wake ndani ya ule mwingine hakuweza. Kukosa kusikia jina la mama yake, ambalo lingesomwa mara moja tu duniani, hakuweza vilevile. Ijumaa akamwambia mkewe kwamba hospitali inamlazimisha kwenda mafunzo katika mji wa Leeds, siku tatu, asipokwenda atafukuzwa. Jumamosi mchana, Mama Noëlla alipokuwa anashushwa kaburini na Euphrasie anatazama kwenye simu, Lambert alikuwa amesimama kati ya watu elfu mbili waliovua kofia. Mzee aliyewahi kuwa kipa alisoma majina thelathini na mawili. La Agathe Kavira lilikuwa la kumi na tisa.

*

Siku mbili Lambert aliihangaikia safari ya nne. Asipoiandika, yatamkuta ya yule baba wa Croydon. Akiiandika na tarehe yake, Euphrasie atajua kwamba hakukuwa na Leeds. Jumatano jioni, akitafuta soksi, aliikuta chini ya droo ratiba ya msimu ule, karatasi ya rangi ya udongo, na pale kwenye mwezi wa Novemba imeandikwa tarehe kumi na moja. Ratiba huchapwa Julai na haijui mvua ya Novemba. Tarehe kumi na moja Mama Noëlla alikuwa mzima, na Euphrasie alikuwa Queensbury kwa bibi Seema. Akiandika safari ya tarehe hiyo, serikali itaona ametaja safari zote, kuteleza wiki mbili watamsamehe, na mkewe ataona mechi tu. Aliona amepata mlango wa nyuma, akaenda jikoni na karatasi mkononi karibu anapiga mluzi.

Alisema amekumbuka nyingine. Alikwenda mara moja Novemba, Euphrasie alipokuwa anafanya kazi ya kulala, safari ya haraka tu, ndiyo maana akasahau. Akaweka ratiba mezani kama ushahidi. Euphrasie alisonga ugali, akasema kumbe paka akitoka nyumbani wengine wanapanda mabasi. Hakukasirika. Lambert akavuta kiti.

Lakini Shekinah ni mtoto wa shule za huku, haamini karatasi mpaka aione na ya pili. Alifungua tovuti, akateremka mpaka msimu ule. Akakunja uso.

"Dad, haikuchezwa hiyo siku." Akasoma, akitafsiri polepole kwa msaada wa kompyuta: imeahirishwa kwa sababu ya maji uwanjani. Ikachezwa tarehe ishirini na tano. "You said you watched it. So it's the twenty-fifth."

Lambert alisema labda tovuti imekosea. Shekinah alisema tovuti ina picha, na theluthi ya uwanja ni dimbwi.

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria. Kuna tarehe ambazo mtu hahitaji kuzihesabu. Euphrasie alizima jiko, akageuka, akamtazama mumewe kwa muda uliomtosha Shekinah, asiyejua kinachoendelea, kuwatazama wote wawili mara mbili.

"Tarehe makumi mbili na tano ya mwezi wa kumi na moja," Euphrasie alisema. "Ulikuwa Leeds."

Lambert aliikunja ile ratiba mara mbili.

"Batu balijaa humu. Mama wa chorale ya kanisa aliniuliza mbele ya bote, mukwe iko wapi? Mukwe gani haonekane kwa kilio ya mama-mukwe? Nilibambia uko kazini. Nilibambia banakulazimisha. Nilikutetea na machozi yangu, Papa Shekinah. Papa Nathanaël njo alisimama kutoa aksanti kwa batu, mutu wa inje, juu ya mukwe hayupo." Alivuta pumzi. "Kumbe ulienda kuangalia mpira."

Sentensi moja tu ingetosha. Ilikuwa pale, nyuma ya meno. Lakini kuitamka kulikuwa ni kumtoa mama yake katika maombi ya mkewe na kumweka chini ya mawe, kwa mdomo wake mwenyewe, jikoni, mbele ya mtoto. Lambert aliona ni heri aitwe mtu aliyekimbia kilio kwa ajili ya mpira.

"Nisamehe," alisema.

Euphrasie aliifungua kabati, akatoa sahani mbili, akala na binti yake.

*

Tangu usiku huo Euphrasie alilala chumbani kwa Shekinah. Hakupiga kelele, wala hakuwapigia simu watu wa kanisa, na Lambert angependelea hayo yote kuliko adabu aliyoonyeshwa. Chai aliikuta imewekwa, lakini ya kikombe kimoja. Shati la kazi lilipigwa pasi likaning'inizwa mlangoni, kwa nje. Akisema jambo, Euphrasie alimwambia Shekinah amwambie baba yake, na Shekinah akalisema kwa Kiingereza, kwa hiyo Lambert alipata maneno ya mkewe yakiwa yamepoa mara mbili.

Ijumaa walikwenda kwenye maombi pamoja, kwa sababu kutokwenda pamoja kungeonekana. Kanisa lao hukodi ukumbi nyuma ya duka la mazulia, na viti vinapangwa duara. Watu waliomba kwa zamu: mmoja aliombea goti, mwingine karatasi zake za ukaazi. Ilipofika zamu ya Euphrasie, Lambert alidhani atamshtaki kwa Mungu, naye alikuwa amejiandaa.

Euphrasie alisimama, kitambaa kichwani, macho yamefumbwa. Aliombea nchi. Aliombea mtihani wa Shekinah. Hakumtaja mumewe. Kisha akasema, kwa sauti ileile ya siku zote, "Na mama yetu Agathe, Bwana, kule iko, umulinde na baridi. Umupe mutu wa kumupa chakula. Umurudishe kwetu."

Watu wakaitikia amina. Lambert naye akasema amina. Mwanamke aliyekosewa naye kiasi kile, ambaye hakutaka hata kula naye, alikuwa bado anamwombea mama yake chakula. Na alikuwa anaomba hivyo kwa miaka miwili na zaidi, kila Ijumaa na kila Jumapili, kwa mtu ambaye Lambert alikwisha kumsikia akisomwa namba kumi na tisa. Walirudi kwa basi, Euphrasie kiti cha mbele, yeye cha nyuma, na njia nzima alitazama kitambaa cha kichwa chake.

*

Jumamosi saa nne asubuhi Papa Nathanaël alifika na miwani yake na mkebe wa maandazi kutoka kwa mkewe. Aliona hali ya hewa ya nyumba mara moja, maana hakuna wanaopishana mlangoni kwa heshima ile kama hawajagombana, lakini alikuwa mtu mzima, akaketi na kuomba waanze. Shekinah alisoma fomu kutoka juu. Jina kamili, mahali pa kuzaliwa, kazi, majina ya wazazi. Nathanaël aliitika kila mstari. Wakafika kwenye safari. Ya Mei, mpira na kumsalimu ndugu. Ya Juni, mpira na kumsalimu ndugu. Ya Agosti, vivyo hivyo.

"Na hii ya Novemba?" Nathanaël aliuliza. "Tarehe ziko, sababu haiko."

Shekinah alisema hakujua aandike nini. Alimtazama mama yake, aliyekuwa anaosha vikombe na mgongo umewaelekea.

"Andika football," Euphrasie alisema bila kugeuka. "Andika baba yako alienda kuangalia football wakati mama yangu anaingizwa mu shimo. Kama nafasi inatosha, andika yote."

Papa Nathanaël alikuwa ametoa ile shukrani kwa watu mwenyewe, katika chumba cha jirani na hicho. Alivua miwani akaifuta, akatafuta pa kuangalia. Shekinah aliandika herufi mbili tatu, polepole, akitumaini kwamba mtu atamzuia.

"Futa," Lambert alisema. "Haikukuwa mpira. Andika kilio."

Shekinah alisimamisha vidole. "Whose?"

Lambert aliweka mikono yote miwili juu ya meza, kama mtu anayetaka kuinuka, lakini hakuinuka.

"Ya mama yangu. Mama alikufa, Mama Shekinah. Alikufa ku barabara, batu balimuzika pale pale, balimuwekea majiwe. Ghislain alinipigia. Ile siku kule Ujerumani balisoma jina lake. Nilienda kusikia jina."

Maji ya bomba yaliendelea kutiririka juu ya kikombe kilichokwisha kuwa safi. Euphrasie aliyafunga. Aliuliza habari hiyo ilikuja lini, naye akamjibu kwamba ilikuja mwezi wa kumi, kabla ya Mama Noëlla. Akauliza kama Ghislain ana hakika. Akajibiwa kwamba yuko mtu aliyebeba mawe. Aliuliza maswali hayo kwa sauti ya mtu anayeulizia njia, na alipoyamaliza akabaki ameshika kitambaa cha kukaushia vyombo bila kukausha kitu.

"Na mimi nilimuombea jana," alisema.

"Nilikusikia."

"Ulinisikia. Jana, na ile ingine, na ile ingine. Umekaa pale unasema amina." Alikikamua kile kitambaa kikavu. "Juu ya nini haukuniambia?"

Lambert alikuwa na majibu mengi aliyoyatunga kwa miaka miwili, ya kazi ya Queensbury na ya msiba ndani ya msiba. Aliyaacha yote.

"Ulikuwa unamuombea vizuri," alisema. "Nilikuwa najiambia, bado kuko mutu mumoja anamungojea."

Papa Nathanaël aliinamisha kichwa. Shekinah, ambaye bibi yake Agathe alikuwa kwake sauti ya simu iliyomwita mama mdogo na kumuuliza kama ameota meno mapya, alijifuta uso kwa mkono wa sweta, kisha akaitazama fomu kwa sababu ndicho kitu pekee kilichokuwa mbele yake.

"Alikuwa mama yangu pia," Euphrasie alisema. "Nilifika kwake na mimba, sina kitu, alinipa kitanda yake. Ulikuwa na mutu wa kulia naye humu ndani, Lambert. Ukaenda kulia na Bazungu."

Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka mingi kumwita kwa jina lake. Lambert aliitikia kwa kichwa, maana yote hayo yalikuwa kweli, na hakuna alichotaka kukipunguza.

Shekinah aliuliza, karibu kwa kunong'ona, kama basi aandike msiba.

"Andika funeral," Euphrasie alisema. "Ya mama yake. Kwa ile ya mama yangu hakukuya, hakufika."

Shekinah akaandika neno moja. Euphrasie alikitundika kitambaa, akavua viatu, akaketi chini sakafuni, miguu ameinyoosha, mgongo umeegemea kabati, namna wanawake wa kwao wanavyoketi nyumba ikiwa na maiti. Akamwita Agathe Kavira kwa jina lake, mara ya kwanza kwa sauti ya kawaida, mara ya pili kwa sauti iliyoteremka mpaka dukani. Na Lambert, aliyeweza kulia kati ya watu elfu mbili asiowajua, alisimama jikoni kwake mwenyewe na mikono imening'inia, asijue kama anaruhusiwa kuketi.